Namna ya Kumpelekea Barua na Msaada Ndugu Aliyeko Chuo cha Mafunzo

Mdogo wangu alikaa Chuo cha Mafunzo, ndivyo gereza linavyoitwa Zanzibar, zaidi ya miaka miwili, kwanza akiwa mahabusu na baadaye akiwa amekwisha kuhukumiwa, na muda wote huo yeye alikuwa Unguja na sisi tuko Pemba. Miezi ya mwanzo tulifanya karibu kila kosa linalofanywa na familia ambayo haijawahi kupatwa na jambo hili. Tulituma vitu visivyopokelewa, tulivuka bahari siku isiyo ya kuonana, na tulidhani kwamba kikapu kikubwa kinachopelekwa mara moja kwa miezi minne ndiyo huruma yenyewe. Baadaye tulielewa kwamba aliyeko ndani hategemei kikapu, bali hutegemea kujua kwamba mwezi ujao, wakati ule ule, kitu chake kitafika, hata kikiwa ni karatasi moja. Maelezo haya ni kwa ajili ya familia ambayo leo ndiyo inaanza safari hiyo na haijui pa kushika.

Jambo la kwanza si kununua kitu, bali ni kujua ndugu yako yuko wapi hasa na yuko katika hali gani. Aliyekamatwa leo na kuwekwa rumande katika kituo bado yumo mikononi mwa Polisi. Aliyefikishwa mahakamani, akakosa dhamana na kupelekwa Chuo, ni mahabusu. Na aliyekwisha kuhukumiwa ni mfungwa, ambaye kwa lugha ya Vyuo vya Mafunzo vya Zanzibar huitwa mwanafunzi. Mahabusu hajatiwa hatiani na mtu yeyote, kwa hiyo nafasi ya familia kumsaidia ni pana zaidi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa upya mwezi wa Disemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaeleza kwamba mahabusu anaweza kuletewa chakula kutoka nje kwa gharama yake, kupitia jamaa zake, akavaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi na za heshima, na akapata vitabu na vifaa vya kuandikia, kwa kadiri nidhamu ya mahali inavyoruhusu. Aliyehukumiwa hula chakula cha Chuo na kuvaa sare ya Chuo, na kwake barua na kuonana ndiyo mambo makubwa; kanuni hizo hizo, katika kifungu cha 58, zinataka kila mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na marafiki zake mara kwa mara, kwa maandishi na kwa kutembelewa, chini ya uangalizi unaohitajika. Zijue kanuni hizi ili usione haya kuuliza, lakini usizifanye fimbo ya kumpigia askari mlangoni. Siku, saa na vitu vinavyopokelewa hupangwa na Chuo chenyewe, na anayeuliza kwa adabu hujibiwa mapema kuliko anayekuja na hoja.

Fahamu pia kwamba mambo ya magereza si ya Muungano. Vyuo vya Mafunzo, kama kile cha Kilimani kwa Unguja na kile cha Wete kwa Pemba, ni vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Chuo cha Mafunzo ni mojawapo ya Idara Maalum pamoja na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (kikosi cha Valantia) na Zimamoto. Magereza ya Bara, kama Segerea na Ukonga ya Dar es Salaam, yako chini ya Jeshi la Magereza la huko. Ikiwa ndugu yako alishitakiwa Dar es Salaam, hakuna ofisi ya Kilimani itakayokuwa na habari zake, na utaratibu uliouzoea hapa usiutegemee kule.

Nunua daftari dogo kabla hujanunua sabuni. Katika ukurasa wa kwanza andika jina lake kama lilivyoandikwa mahakamani, lake, la baba na la babu. Namba ya kesi. Jina la mahakama. Tarehe ya kutajwa tena kwa kesi. Na namba aliyopewa alipoingia Chuo. Visiwani kwetu majina hurudi rudi, na ukienda mlangoni kumuulizia Hamad Khamis bila ya jina la tatu unaweza kuletewa mtu usiyemjua, naye masikini ametoka mbio akidhani ni mama yake. Jina la mtaani, hata likiwa ndilo linalojulikana na shehia nzima, halimo katika kitabu chochote cha pale. Kila safari, kila kitu kilichopelekwa na kila mtu aliyekipokea viandikwe humo pamoja na tarehe. Daftari letu ndilo lililotuamulia ugomvi siku ambapo ami yetu aliapa kwamba tauli limekwisha kupelekwa, na halikuwa limepelekwa.

Sasa barua, ambayo kwangu ina thamani kuliko vyote vingine. Kuonana hupita upesi, tena mbele za watu, na maneno mengi husahaulika kwa mshituko wa kutazamana. Barua hubaki. Husomwa usiku, husomwa tena, huazimwa jirani asiyeandikiwa na mtu.

Iandike ukijua kwamba itapita katika mikono miwili au mitatu kabla ya kumfikia, kwani barua hukaguliwa. Kwa sababu hiyo usiandike neno lolote kuhusu kesi: nani alionekana wapi, nani atakuwa shahidi, nani anasema nini mtaani. Hata sentensi ya kumtia moyo, kama vile kumwambia kwamba fulani amekubali kubadilisha maneno yake, inaweza kumwingiza yeye na wewe katika balaa nyingine. Mambo ya kesi ni ya wakili, na huzungumzwa na wakili ana kwa ana. Usiandike pia malalamiko dhidi ya Chuo ndani ya barua yake. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwa Mkuu wa Chuo kwa jina lako mwenyewe, au katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Zanzibar na ina uwezo wa kutembelea mahali watu wanapozuiliwa.

Usifupishe salamu. Zamani barua zetu zilikuwa zikila nusu ukurasa kwa salamu tu, na sisi vijana tukaja kuona kwamba huo ni upotevu wa wino. Mdogo wangu alipokuwa ndani ya Chuo ndipo nilipojua maana yake. Ukiandika "wote wanakusalimu", hajapata kitu. Ukiandika kwamba bibi anakusalimu na mguu wake sasa una nafuu, kwamba mtoto wa shangazi anakusalimu na ameanza skuli, kwamba Maalimu aliyekusomesha chuo cha Kurani amekuulizia baada ya sala ya alasiri, basi umempa watu watatu wa kukaa nao jioni hiyo.

Baada ya salamu mweleze jambo moja la nyumbani kwa ukaribu, badala ya kumi kwa haraka. Barua ambayo mdogo wangu aliisoma hadi ikachanika kwenye mikunjo haikuwa na habari yoyote kubwa. Ilikuwa ya msimu wa karafuu, na nilimwandikia hivi: "Juzi tulianika karafuu za siku mbili uwanjani, majamvi manne. Kabla ya adhuhuri wingu likaja kutoka upande wa bahari, na mama alikuwa peke yake. Tulipofika mbio alikuwa amekwisha kukunja majamvi matatu na amekaa juu ya la nne, kanga yake kaivua kaifunika karafuu, yeye mwenyewe analowa na anacheka." Aliniambia baadaye kwamba wenzake walikuwa wakimwomba awasomee mahali pale pa mama kukaa juu ya jamvi, na mmoja wao, mtu wa Micheweni, aliuliza kama makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo yaliokolewa.

Ikiwa ndugu yako hajui kusoma, au macho yake yamepungua nguvu, kumbuka kwamba barua itasomwa na mwenziwe kwa sauti, na uandike kwa mtindo huo: sentensi fupi, herufi kubwa, na lisiwemo jambo la ndani ya nyumba litakalomtia haya mbele ya mwingine. Kila barua iwe na tarehe na namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili akipata ya tano kabla ya ya nne ajue kwamba ya nne iko njiani. Tumia kalamu ya kawaida na karatasi safi isiyo na mapambo, gundi wala pini za kubania. Picha moja au mbili zinatosha, bila ya fremu, na nyuma ya kila picha uandike jina lake na namba yake. Ukiipeleka kwa mkono, bahasha iache wazi, kwa kuwa utakayoifunga itafunguliwa. Muulize mpokezi kama unaweza kuambatanisha karatasi tupu na bahasha iliyoandikwa anwani yako, kwa sababu watu wengi hukaa kimya kwa kukosa karatasi, nasi huku nje tunadhani wamekasirika. Na asipojibu, endelea kuandika. Mdogo wangu hakujibu barua sita za mwanzo, na zote sita alikuwa amezihifadhi chini ya godoro.

Habari ya msiba usiitie katika barua. Atakayeipokea peke yake, pengine wakati wa kufungiwa, hatakuwa na mtu wa kumshika mkono. Nenda, au umtume mtu mzima wa familia, kwa Mkuu wa Chuo, umweleze, na uombe ndugu yako aambiwe kwa utulivu mbele ya imamu, mwalimu au mtu anayemheshimu. Barua ya kumfariji ifuate baadaye.

Kuhusu usafirishaji, Shirika la Posta kwa kawaida hupeleka barua kwa masanduku ya posta, kwa hiyo utahitaji namba ya sanduku la posta la Chuo husika, ambayo huulizwa mara moja na kuandikwa katika daftari. Juu ya bahasha liandikwe jina lake la watu watatu, namba yake, jina kamili la Chuo, sanduku la posta na neno Zanzibar. Usiandike "jela" wala "gereza", hata kama hivyo ndivyo tunavyosema barazani. Nyuma liwepo jina lako, anwani yako na simu yako, kwani barua isiyo na mtumaji huzua maswali. Walioko Oman, Dubai au Uingereza waongeze neno Tanzania, na wasitie noti yoyote ndani ya bahasha. Kwa maoni yangu ni bora wao waandike barua, waipeleke kwa jamaa aliyeko hapa, na huyo aifikishe kwa mkono pamoja na za wengine.

Sisi wa Pemba tumezoea kumpa amana abiria yeyote tunayemjua anayepanda boti Mkoani kwenda Malindi, bandarini Unguja. Kwa barua si vibaya. Kwa kifurushi cha Chuo ni hatari, na nasema hivi kwa mkazo: mchukuzi ndiye anayesimama mbele ya askari wakati kifurushi kinapofunguliwa, na ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo mpe kifurushi kilicho wazi, pamoja na orodha iliyoandikwa ya vilivyomo, na mvihesabu pamoja kabla hajaondoka. Nawe vivyo hivyo usikubali kumpelekea mfungwa mwingine mfuko usioujua, hata ukiombwa na mama mtu mzima anayelia mlangoni. Mwombe aufungue kwanza, na ikiwa hataki, msamehe na umwache aingie mwenyewe.

Kabla ya kujaza kifurushi chochote, uliza mlangoni au kwa simu ni vitu gani vinapokelewa, kwa idadi gani na siku gani, kwa kuwa jibu la mahabusu na la aliyehukumiwa haliko sawa. Vinavyohitajika ndani ni vya kawaida sana: kipande cha sabuni, mswaki na dawa yake, tauli, ndara, nguo za ndani, na kwa mwanamke taulo za kike, ambazo familia nyingi husahau kwa sababu anayetengeneza kifurushi ni kaka au baba, na yeye mwenyewe huona haya kuagiza. Kwa Muislamu, msala, kofia, tasbihi na juzuu ndogo. Visipelekwe chupa za kioo, makopo yenye ncha kali, wembe, kamba, mikanda, viberiti, tumbaku, na zaidi ya vyote simu au laini ya simu, ambayo ikikamatwa ndani ya mkate humharibia yeye zaidi kuliko wewe uliyeificha. Dawa ziwe katika paketi zake pamoja na cheti cha daktari, na zikabidhiwe kwa mhudumu wa afya wa Chuo badala ya kupitishwa kwa mkono wa ndugu. Ikiwa ndugu yako ana sukari au pumu, andika barua fupi kwa Mkuu wa Chuo siku ya kwanza kabisa kueleza ugonjwa wake na dawa anazotumia, na ubaki na nakala.

Chakula kina adabu zake. Mara ya kwanza nilipika kama ninavyompikia mgeni: wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye miiba, na mkate wa kumimina mzima niliouepua alfajiri. Askari aliyepokea alikuwa mama wa makamo. Aliufunua mkate, akaniangalia, akaniomba radhi, kisha akauvunja vipande vinane kwa kijiko mbele yangu, akakoroga wali hadi chini ya bakuli, na akaniambia, "Mwanangu, onja." Nilionja kwa machungu, nikidhani nimedharauliwa. Alipomaliza alivipanga vile vipande upya kwa mpangilio, akafunika bakuli na kulifuta ukingo kwa kitambaa. Tangu hapo nikawa nakata kila kitu nyumbani: mkate vipande, boflo vipande, chapati robo robo, samaki bila ya miiba, mchuzi mbali na wali, yote katika bakuli la plastiki lisilo na rangi ambalo ndani yake huonekana. Jina lake huandikwa juu ya kifuniko kwa wino usiofutika. Usipeleke chakula kitakachoharibika kikisubiri juani, na usipeleke cha kumtosha yeye peke yake ikiwa unaweza kuongeza kidogo, kwani huko ndani hula pamoja na wenzake.

Ramadhani inataka mpango wa mapema. Familia nyingi humiminika siku mbili za mwanzo na siku ya mkesha wa Sikukuu, na katikati mlango huwa mweupe. Jamaa na majirani wagawane siku, huyu tende, yule muhogo wa nazi, mwingine uji, baada ya kuuliza Chuo kinapokea futari saa ngapi. Wale wasio na jamaa wasisahauliwe. Mfungwa ametajwa katika Kurani pamoja na masikini na yatima miongoni mwa wanaostahiki kulishwa, na msikiti unaotaka kufuturisha ndani unaweza kuandika barua ya maombi kwa uongozi wa Chuo wiki kadhaa kabla.

Siku ya kuonana, nenda na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi, vaa nguo ya heshima, acha simu nyumbani au kwa mtu uliyemwacha nje, na usiende na watu wanane wakati wataingia wawili. Andika katika kipande cha karatasi mambo matatu unayotaka kumwambia, kwa sababu utayasahau. Ikiwa unampeleka mtoto, mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake kabla hamjafika.

Fedha taslimu usizitie ndani ya chakula, nguo wala barua. Ikiwa Chuo kinapokea fedha kwa niaba yake, zikabidhi ofisini na udai stakabadhi yenye jina lake na namba yake. Ikiwa hakipokei, fedha hiyo itumie kwa wakili au kwa watoto wake. Yupo atakayekuja kwenu barazani, mara nyingi karibu na Mapinduzi, tarehe 12 Januari, wakati ambapo Rais wa Zanzibar huwa akitoa msamaha kwa baadhi ya wafungwa, na atasema kwamba anaweza kulitia jina la ndugu yenu katika orodha kwa kiasi fulani. Msimpe hata shilingi. Sisi tulimpa, na fedha ile ilikuwa ya karafuu za mama. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, au kwa Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, au aulizie msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018. Masheha wengi wanawajua wasaidizi wa sheria walioko katika shehia zao. Siku ya hukumu, kabla hujatoka katika uwanja wa mahakama, uliza kwa karani muda wa kukata rufaa ni siku ngapi na unaanza kuhesabiwa lini, kisha uandike jibu katika daftari.

Msaada mwingine hauendi Chuo kabisa. Mke wake akilipiwa kodi, mtoto wake akinunuliwa sare ya skuli na shamba lake likipaliliwa, hayo yaandikwe katika barua inayofuata kwa maneno yaliyo wazi, pamoja na jina la aliyefanya, kwani aliyeko ndani huumizwa zaidi na yale asiyoweza kuyatengeneza.

Tarehe ya kutoka ikijulikana, msiipokee kama jambo la siku moja. Mwezi mmoja kabla, andikeni barua ya kumuuliza anataka kupokewa na nani, kwa sababu si kila mtu anapenda kutoka na kukuta kundi la watu mlangoni. Wa kwetu alimtaka mmoja tu, mimi, na alitaka tupande boti ya siku ile ile. Nilikwenda na suruali, shati na viatu vya namba yake ya zamani, ambavyo vilikuwa vimemzidi, na tiketi mbili za kwenda Mkoani. Alivishika vile viatu mkono mmoja na bahasha ya barua mkono wa pili, akatembea kwa ndara mpaka Malindi.